Uliza Somo: yai lako lina umri sawa na wako

Haya wapenzi, mwezi huu nimeletewa maswali ya mayai ya uzazi mengi mpaka nikaamua ukurasa mzima tuumalizie hapo hapo, manake nikiyasoma naona watu wanababaishwa na kitu kimoja tu, wanadhani ovari, zile tezi mbili za tumboni zinazokaa mayai, ni kama kuku, leo ataga hili na kesho atengeneza jingine. Sivyo kabisa. Na kwa vile sivyo, mengi mnayoambiana kwa mawifi na saluni yanakuwa hayana mguu wa kusimamia, na wengine mnaumia roho bure. Swali la kwanza nitalijibu kwa urefu, mtanisamehe, yanayofuata yatakuwa mepesi kwa sababu msingi utakuwa ushawekwa.

Shikamoo Somo. Nina miaka 38, naishi Kisauni, nina watoto wawili. Baada ya yule wa pili nilimeza vidonge vya kupanga uzazi miaka 9. Sasa mimi na mume wangu twataka kuongeza mmoja. Wifi yangu aniambia nisahau, ati vidonge vimeshayachoma mayai yote. Rafiki yangu wa kazini naye aniambia kinyume, ati yale niliyoyazuia miaka 9 yamekaa akiba kwa hivo mayai yangu ni kama ya mtu wa miaka 29. Nimfuate nani?
*Mama Wawili, Kisauni*

Marahaba mwanangu. Usimfuate yeyote kati yao, ingawa naelewa kwa nini maneno yao yanaingia akilini. Ngoja nikuanzie mbali kidogo.

Mayai yako hayakuanza siku uliyovunja ungo. Yalianza wewe ukiwa tumboni kwa mamako, hata kabla mamako hajaonekana tumbo. Seli za mwanzo kabisa zinazokuja kuwa mayai hazitokei ndani ya ovari, zinatokea nje, kwenye ukuta wa kile kifuko kidogo cha kiini kinachoambatana na mimba changa, alafu zinasafiri zenyewe, zinatambaa kupitia utumbo ambao nao ndo kwanza unaumbwa, mpaka zinafika pale ovari zitakapojengwa, na hapo mimba ina wiki kama 6 tu. Zikifika zinaanza kujigawa, mbili, nne, nane, mbio mbio, na mimba ikitimia wiki ya 20 hivi yule mtoto wa kike ambaye bado hajaiona dunia ana mayai kama milioni 6 mpaka 7. Hapo ndo kileleni. Hujawahi tena na hutawahi kuwa na mayai mengi kama uliyokuwa nayo ulipokuwa na urefu wa ndizi ya mkono wa tembo.

Toka hapo hesabu ni ya kushuka tu. Unazaliwa na milioni 1 au 2. Ukivunja ungo yamebaki kama 300,000 mpaka 400,000. Na katika hayo yote, yatakayopevuka na kutoka kweli kweli maisha yako mazima ni kama 400 mpaka 500. Mengine yanajifia humo humo ndani ya ovari, kimya kimya, mwili unayanyonya, huoni damu wala husikii maumivu. Si ugonjwa na si laana na si kwamba ulifanya kitu, ndo jinsi ovari zilivyo kwa kila mwanamke, aliyezaa kumi na ambaye hajazaa, aliyemeza vidonge na ambaye hajawahi kuviona.

Sasa kuna jambo ambalo mimi mpaka leo nikilifikiria nashangaa, na nimezalisha watoto miaka mingi hapa kisiwani. Seli ya kawaida ya mwili ina kromosomu 46, ndo vile vijinyuzi vinavyobeba urithi wa wazazi. Yai linatakiwa libaki na 23, ili likikutana na mbegu ya mume yenye 23 zake zitimie 46 tena. Huko kupunguza ni mgao wa pekee, wa hatua mbili, na mayai yako yaliuanza huo mgao wa kwanza kabla hujazaliwa. Kromosomu zilijipanga pea pea, ile ya kutoka kwa mamako na ile ya kutoka kwa babako, zikakumbatiana, zikabadilishana vipande, ndo maana ndugu wa tumbo moja mmoja ana pua ya shangazi na mwengine hana, alafu kazi ikiwa nusu zikasimama. Zikalala. Yai likazungukwa na tabaka moja jembamba la seli za kulihifadhi likakaa hivo hivo, mgao nusu, miaka 15, miaka 25, kwako wewe miaka 38. Kwa hivo yai litakalotoka mwezi huu si jipya, ni la tangu zamani, linaamshwa tu.

Na kinachozishika zile pea zisiachane kabla ya wakati ni protini fulani, kama nyuzi, na nyuzi hizo zilifungwa wakati ule ule wa tumboni. Wazee wetu hapa pwani walikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, na kamba zikichoka mtepe unapandishwa ufukoni unashonwa upya. Yai halina wa kulishona upya. Umri ukienda zile nyuzi zinalegea, na siku mgao unapokuja kumalizwa kromosomu moja yaweza kwenda upande usio wake. Mimba nyingi zinazotoka mapema chanzo chake ni hicho. Mtoto wa Down, ambaye ana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili, mara nyingi pia ni hicho, na kwa mama wa miaka 25 ni kama mtoto 1 katika 1,200, kwa mama wa miaka 35 kama 1 katika 350, kwa mama wa miaka 40 kama 1 katika 100. Sikutishi, na watoto hao ni watoto kama wengine, wanapendwa na wanapenda. Nataka tu ujue umri unafanya nini, kwa sababu wifi yako anavilaumu vidonge kwa kazi ambayo ni ya umri.

Haya, yanaamkaje. Kila siku yapo machache yanayoamka. Hayangoji hedhi, wala hayaombi ubongo ruhusa, yanaamka hata kwa mtoto mdogo anayecheza kibemasa, hata kwa mja mzito, hata kwa anayemeza vidonge, na hapa ndo ushike vizuri. Toka liamke mpaka lipevuke ni safari ya karibu mwaka mzima. Seli zinazolizunguka zinaongezeka tabaka juu ya tabaka, yai lenyewe linanenepa, linajivika utando wake wa kung'aa, alafu katikati ya zile seli kunajaa maji. Kile kifuko chote, seli na maji na yai ndani yake, madaktari wanakiita folikuli, na utalisikia hilo neno ukienda skani. Ile miezi ya mwanzo kifuko chajiendea chenyewe, lakini miezi ya mwisho lazima kipate homoni ya FSH, inayotoka kwenye tezi dogo kama punje ya mbaazi lililo chini ya ubongo. Kikifika hapo kisiikute, kinakufa.

Hedhi inapoanza kunakuwa na vifuko kadhaa vya milimita 2 mpaka 5 hivi vimefika mahali pa kungojea. FSH inapanda, vyote vinakula. Ndani ya wiki moja kimoja kinawapita wenziwe. Kinaanza kutoa estrojeni nyingi, homoni ya kike, na hiyo estrojeni vile inatengenezwa napenda kuieleza kwa nazi: seli za nje za kifuko zinakuna, zinatengeneza homoni za aina ya kiume, alafu zinawapa seli za ndani, za ndani ndo zinakamua zinatoa tui, ndo estrojeni. Naam, ovari ya mwanamke inatengeneza kwanza homoni za kiume, hilo liwekeni, tutalihitaji kwa yule kaka wa Changamwe. Estrojeni ikizidi ubongo unapunguza FSH, na vile vifuko vingine vinakosa chakula vinakufa, lakini kile kilichotangulia kimeshajijengea vipokezi vingi, yaani midomo ya kuipokea FSH, kwa hivo hata kwa FSH kidogo chaendelea, kinakua kama milimita 2 kwa siku mpaka kinafika milimita 20 hivi, sawa na zabibu kubwa.

Estrojeni ikikaa juu kama siku 2 ubongo unageuza mwendo, unamwaga homoni ya LH kwa wingi ghafla, na LH ndo inayolitoa yai kwenye ule usingizi wa miaka 38. Ndani ya saa 36 hivi yai linamaliza ule mgao wa kwanza, na halikati nusu kwa nusu, upande mmoja unabaki na sinia zima la chakula na upande wa pili unapewa kromosomu zake na tonge moja tu, huo wa pili ni kijiseli kidogo ambacho hakifiki popote. Lazima iwe hivo kwa sababu mimba changa siku zake za mwanzo itakula kutoka sinia lile lile. Kifuko kinapasuka, yai linatoka, ncha za mrija wa uzazi zinalidaka kama vidole. Na hapo, wallahi, linasimama tena mara ya pili, katikati ya mgao wa pili, lingojee mbegu. Mbegu ikiingia linamaliza. Isipoingia ndani ya saa 12 mpaka 24 limekwisha.

Sasa vidonge vyako. Vidonge vinanyamazisha FSH na LH, kwa hivo hakuna kifuko kinachofika mwisho. Lakini yale mayai yanaamka vilevile, yanasafiri vilevile, yanafika pale pa kungojea yanakosa FSH yanakufa, kama ambavyo yangekufa mengi yake hata bila vidonge. Piga hesabu: miaka 9 kwa mizunguko 13 kila mwaka ni mayai 117 hivi ambayo hayakutoka. Muda huo huo ovari ya mwanamke wa miaka 30 inapoteza mamia ya mayai kila mwezi, kwa hivo katika miaka 9 makumi ya maelfu yamekwenda. Hiyo akiba rafiki yako anayokuhesabia haionekani hata kwenye hesabu, na hata kama ingekuwepo yangekuwa mayai ya miaka 38, si ya 29. Na kuchomwa pia hakuna, vidonge haviwezi.

Kwa hivo fanya hivi. Acha vidonge, wengi mzunguko unarudi ndani ya mwezi mmoja mpaka mitatu (ingekuwa ile sindano ya miezi mitatu ningekwambia uvute subira zaidi, yaweza kuchukua karibu miezi 10 toka sindano ya mwisho). Anza leo asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku, usingoje mimba. Na kwa sababu umevuka 35 usikae mwaka mzima ukingoja, jaribuni miezi 6, ikikataa muende kwa daktari wa uzazi, na nasema muende, wewe na mume, siku moja, si wewe peke yako.

Somo habari. Mimi ni nyanya wa miaka 49 wa Mji wa Kale. Mjukuu wangu wa kwanza ana miezi minne, na nesi alitwambia ati nilipokuwa na mimba ya binti yangu nilikuwa nimembeba na huyu mjukuu. Wenzangu wananicheka nikisema. Ni kweli? Na la pili, hedhi yangu sasa yaruka miezi miwili mitatu, kwa hivo mayai yamekwisha, naweza kuacha kujikinga?
*Nyanya Mpya, Mji wa Kale*

Hongera mwenzangu, Mungu amkuze. Wasikucheke, nesi kasema kweli, ila ni kweli nusu. Ulipokuwa na mimba ya miezi mitano, ndani ya tumbo lako kulikuwa na binti yako, na ndani ya ovari za binti yako kulikuwa na yai lile lile ambalo mwaka jana lilikutana na mbegu likawa huyu mjukuu. Umelibeba, umelilisha. Lakini hiyo ni nusu ya mtoto, ile nusu ingine ya mkweo haikuwepo popote, manake wanaume hawaweki, wanatengeneza mbegu mpya kila siku toka wabaleghe, na mbegu moja toka ianze mpaka iwe tayari ni kama miezi miwili na nusu. Kwa hivo mjukuu wako ametokana na yai la miaka mingi na mbegu ya miezi miwili. Mimi hilo lanipendeza sana, sijui nyinyi.

La pili, hapo naomba unisikilize vizuri. Hedhi kuruka maana yake yamebaki machache, si kwamba yamekwisha. Hata hedhi inapokatika kabisa, kwa kawaida karibu na miaka 51, bado huwa yamebaki mamia mpaka kama 1,000, ni vile tu hayaitikii tena. Na kabla ya kukatika ovari zinashtuka shtuka, mwezi huu kimya, mwezi ujao yai latoka. Nimewaona wanawake wa 46, 47 wamekuja kliniki wakidhani ni kukatikiwa kumbe ni mimba ya miezi minne. Kwa hivo jikinge. Ukikatika kabla ya kutimia 50, endelea kujikinga miaka 2 toka hedhi ya mwisho, ukikatika baada ya 50 endelea mwaka 1. Na ukikaa mwaka mzima hujaona damu alafu ukaiona, hata tone, usiseme ni hedhi imerudi, nenda hospitali wiki hiyo hiyo.

Somo mambo, niko na miaka 17, nakaa Likoni. Tulifundishwa ati mwezi huu yai latoka kushoto, mwezi ujao kulia. Sasa mimi hedhi yangu mara siku 26, mara siku 40, na katikati nasikia kichomo upande mmoja, juzi kilinishika ferini nikakaa chini. Ni ovari moja imeharibika? Na yai ni kubwa kama la kuku au?
*Binti wa Likoni*

Poa binti. Kushoto na kulia haina zamu, upande wenye kifuko kilichotangulia ndo unaotoa, yaweza kuwa kulia miezi mitatu mfululizo. Mara ingine yanatoka mawili, yote yakipata mbegu ni mapacha wasiofanana, wale wa kufanana ni yai moja lililojigawa baada ya kupata mbegu.

Kutopangika kwa hedhi miaka miwili mitatu ya mwanzo ni kawaida sana, ubongo na ovari bado zinajifunza kusikizana, na miezi mingi hata yai halitoki. Kati ya siku 21 na 45 kwa umri wako mimi sina wasiwasi. Ikipita siku 90 bila kuona, au ukibadilisha pedi kila saa moja, mwambie mamako muende. Kile kichomo cha katikati kikija saa chache au siku moja kikaondoka, mara nyingi ni pale kifuko kinapopasuka. Kikiwa kikali cha kukukunja na unatapika, hicho si cha kungoja nyumbani.

Ukubwa wake? Sehemu moja ya kumi ya milimita, kama nukta hii iliyoandikwa kwa kalamu nyembamba sana, na bado hiyo ndo seli kubwa kuliko zote mwilini mwako. Ni ndogo hivo mpaka ilichukua wataalamu muda mrefu kuiona. Mholanzi Regnier de Graaf alieleza vile vifuko mwaka 1672 akadhani kifuko kizima ndo yai, na ni mpaka 1827 ndo Karl Ernst von Baer alipopasua kifuko cha mbwa akaona kidoa cha manjano ndani, akakiweka chini ya hadubini, akajua hilo ndo lenyewe. Miaka 155 imepita hapo katikati. Mwulize mwalimu wako kama alijua.

Somo, mimi ni mume, nafanya kazi Changamwe. Tumeoana miaka miwili na mke wangu ana miaka 27, bado hatujajaliwa. Hedhi yake yaja kila miezi miwili mitatu, na ana ndevu kidogo ambazo zamkera sana. Skani ilisema PCOS, yaani ovari zina vifuko vingi vidogo vimepangana kama shanga. Sasa mimi sielewi, kama mayai ni mengi hivo mbona mimba haishiki? Na mamangu asema huo ni uvimbe ukatwe.
*Mume, Changamwe*

Kaka yangu asante kwa kuuliza, wanaume wachache wanauliza. Mwambie mama kwa adabu kwamba hakuna cha kukatwa. Zile shanga si uvimbe, ni vile vifuko nilivyovieleza juu, vimeamka, vimefika milimita kadhaa alafu vikakwama, hakuna kilichowapita wenziwe. Yaani mashindano yameanza na hakuna aliyeshinda, na bila mshindi yai halitoki, na bila yai kutoka hedhi nayo yapotea miezi. Unakumbuka mfano wa nazi? Kwa mwenye PCOS wanaokuna wanakuna kupita kiasi, homoni za kiume zinazidi, ndo chanzo cha zile ndevu na chunusi, na mara nyingi insulini, ile homoni ya kusimamia sukari ya damu, ikiwa juu ndo inayowachochea. Kwa hivo mke wako si mwenye upungufu wa mayai, ana upungufu wa yai linalofika mwisho, na hiyo inatibika kuliko mambo mengi ninayoletewa hapa.

Kama ana uzito mkubwa, kupunguza hata asilimia 5 mpaka 10 ya uzito wake kunaweza kurudisha yai kutoka, na sisemi kumnyima mahamri, nasema mtembee pamoja jioni pale Mama Ngina na wewe upunguze soda zako pia. Alafu kuna dawa za kumeza za kuamsha mayai, letrozoli ndo wanayoanza nayo wengi siku hizi, anapewa siku 5 mwanzo wa mzunguko, anafuatiliwa kwa skani waone kifuko kimoja kikitangulia. Wengine wanaongezewa metformini kwa ajili ya insulini. Dawa hizo zisinunuliwe kiholela dukani, mtu anaweza kupevusha manne kwa pamoja.

Na wewe, kabla mke wako hajameza hata kidonge kimoja, kapime mbegu. Karibu nusu ya nyumba zinazochelewa kupata mtoto mume naye ana sehemu yake, peke yake au pamoja na mke. Nimewaona wanawake waliozungushwa miaka mitano, mitishamba na kuogeshwa na kusomewa, na mume hajawahi kutoa kikombe kimoja cha kipimo. Iliniuma kila mara na bado yaniuma.

Somo, nina miaka 31, sijaolewa, nakaa Bamburi. Nilifanya check-ap ya kazi maabara moja wakanishawishi nipime na AMH, wakasema ni kuhesabu mayai. Imerudi chini. Sijalala wiki mbili. Kuna mtu ananiposa ambaye simtaki lakini sasa mama asema nikubali kabla mayai hayajaisha. Nifanye nini?
*Asiyelala, Bamburi*

Mwanangu lala kwanza. AMH ni homoni inayotolewa na vile vifuko vidogo vilivyoamka, havijafika kwenye mashindano, kwa hivo vikiwa vichache AMH inashuka. Yakadiria wingi tu. Haisemi chochote kuhusu ubora wa mayai, ubora unakwenda na umri, na wewe una 31. Na mwezi mmoja unahitaji yai ngapi? Moja. Mwenye vifuko 5 na mwenye vifuko 25 wote wanatoa moja. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2017 uliofuata wanawake 750 wa miaka 30 mpaka 44 waliokuwa ndo wanaanza kutafuta mimba na hawana historia ya ugumba, na wale wenye AMH ya chini walishika mimba sawa na wenzao tu. Kipimo hicho kazi yake hasa ni kwa mwenye kupandikizwa mimba au kugandisha mayai, daktari ajue ovari zitaitikia vipi zile sindano za FSH. Na hizo sindano pia hazimalizi mayai kama watu wanavyosema, zinayaokoa yale ya mwezi huo ambayo yangekosa chakula yakafa.

Vidonge vya kupanga uzazi kama unavimeza vinaweza kuishusha AMH kwa muda, ulisema chochote maabara? Na je, walikuuliza mamako alikatika hedhi na miaka mingapi? Mimi ningeanza na hilo. Kama ni 50 hivi, irudie baada ya mwaka ukiona haja, na huyo bwana usiyemtaka mwambie hapana, na mamako mimi ntaongea naye akitaka. Kama mamako au dada yako mkubwa alikatika kabla ya 45, niandikie tena wiki hii hii, usingoje toleo lijalo, kwa sababu hapo ningetaka umuone daktari wa uzazi mapema, mzungumze kuhusu kugandisha mayai ungali na 31.